Pentagon: jenerali hapati nyota bila darasa, raia mwandamizi alipanda kwa insha. Tujadili uteuzi, mishahara na mafunzo ya viongozi wa juu

Mleta mada

Wakuu, salamu kwenu nyote. Kwa muda mrefu nimekuwa nikifuatilia namna Wizara ya Ulinzi ya Marekani inavyowapata viongozi wake wa juu, inavyowalipa na inavyowanoa, na kila ninapochimba zaidi najikuta nimerudi pale pale. Wengi wetu tukisikia Pentagon tunawaza majenerali wenye nyota mabegani, ilhali wizara ile inaendeshwa na makundi matatu yanayokaa meza moja: wateule wa kisiasa wanaoingia na kutoka na rais, majenerali na maadmirali, na raia waandamizi wa kudumu ambao hubaki kazini rais yeyote aingie. Kila kundi lina mlango wake wa kuingilia na kanuni zake za malipo. Hoja yangu ni kwamba sheria za nchi ile zimeuwekea uteuzi makufuli mengi na mshahara zimeuwekea dari, lakini mafunzo zimeyafanya kuwa lazima kwa mwanajeshi na kuyaacha kuwa hiari kwa raia, na kwamba pengo hilo linaiumiza wizara zaidi kuliko suala la mshahara ambalo ndilo linalopigiwa kelele.

Nianze na uteuzi. Waziri wa Ulinzi huteuliwa na rais na kuthibitishwa na Seneti, na sheria inamtaka awe raia. Sheria ya mwaka 1947 ilimtaka ofisa wa zamani wa jeshi awe ameacha utumishi kwa angalau miaka 10 kabla ya kushika kiti hicho. Mwaka 2008 muda huo ukapunguzwa hadi miaka 7, na baadaye Bunge likairudisha miaka 10 kwa waliostaafu wakiwa na cheo cha jenerali au admirali. Mara tatu Bunge limelazimika kutunga sheria maalumu ya kumruhusu mtu apite kabla ya muda: George Marshall mwaka 1950, James Mattis mwaka 2017 na Lloyd Austin mwaka 2021. Kufuli lipo, lakini ufunguo nao upo, na wenye ufunguo ni wabunge wenyewe.

Majenerali nao majina yao hupelekwa Seneti, na kwa kawaida hupitishwa kwa mafungu, mamia kwa pamoja, bila kura ya mmoja mmoja. Utaratibu huo unategemea ridhaa ya maseneta wote, na mwaka 2023 tuliona kinachotokea seneta mmoja anapoinyima. Seneta Tommy Tuberville wa Alabama, akipinga sera ya wizara ya kuwalipia nauli askari wanaosafiri kwenda kutoa mimba, aliwazuia maofisa zaidi ya 400 hadi Desemba mwaka ule. Hawa walikuwa watu waliokwisha kupangiwa vituo vipya, ambao familia zao hazikujua watoto wataandikishwa shule ya mji gani, na ambao waliendelea kulipwa kwa cheo cha zamani.

Tazameni kisa cha Kikosi cha Wanamaji, yaani Marines, ambacho ni tawi tofauti na Jeshi la Majini. Tarehe 10 Julai 2023 Jenerali David Berger alimaliza muda wake wa ukamanda mkuu, na kwa mara ya kwanza katika zaidi ya miaka 100 kikosi kile kikabaki bila kamanda aliyethibitishwa. Naibu wake, Jenerali Eric Smith, akawa anakaimu ukuu huku akiendelea na unaibu. Hata baada ya Seneti kumthibitisha mwezi Septemba, naibu mpya alikuwa bado amekwama kwenye foleni ile ile, kwa hiyo kazi zote mbili zikabaki mezani kwake. Tarehe 29 Oktoba, akiwa anakimbia mazoezi karibu na kambi ya Wanamaji jijini Washington, moyo wake ulisimama. Wapita njia ndio waliomwahi. Siku nne baadaye Seneti ikamthibitisha naibu. Sisemi kwamba foleni ile ndiyo iliyomwangusha, kwa sababu mimi si daktari na jenerali mwenyewe alikuwa na tatizo la moyo lililohitaji upasuaji. Nasema tu kwamba taasisi yenye makufuli mengi kiasi kile inapaswa kujiuliza nani anabeba mzigo wakati mlango umefungwa.

Sasa tuje kwa raia waandamizi, kundi ambalo halitajwi sana. Hawa wako katika kada iliyoundwa na sheria ya mageuzi ya utumishi wa umma ya mwaka 1978 chini ya Rais Jimmy Carter, ikaanza kazi mwaka 1979, na kwa kifupi huitwa SES. Waliobuni kada hiyo walitaka kupata viongozi wanaoweza kuhamishwa kutoka idara moja hadi nyingine kama majenerali wanavyohamishwa, watu wa kuongoza popote. Wateule wa kisiasa ndani ya kada wamewekewa kikomo cha asilimia 10 kwa serikali nzima. Wengi ni watumishi wa kudumu wanaopatikana kwa ushindani. Mwombaji hupita kwenye jopo la wizara, kisha jina lake hupelekwa kwenye bodi ya watendaji kutoka taasisi mbalimbali inayothibitisha sifa zake za uongozi, kisha hukaa mwaka mmoja wa majaribio.

Na sifa hizo zilithibitishwaje kwa miaka mingi? Kwa insha. Mwombaji aliandika hadi kurasa 10, akieleza kwa kila sifa kati ya tano changamoto aliyokutana nayo, mazingira yake, hatua alizochukua na matokeo yaliyopatikana. Ikazuka biashara nzima ya waandishi wa kukodi wanaojua bodi inapenda kusoma nini. Hebu mfikirieni mhandisi aliyetumia miaka 20 kununua injini za ndege za kivita, anakaa usiku kucha akigeuza maisha yake kuwa hadithi tano zenye mwisho mwema, na akishindwa kuziandika anamlipa mtu wa kuziandika. Mwaka 2025 ofisi inayosimamia watumishi wa serikali iliziondoa insha hizo na kubakiza wasifu wa kurasa mbili pamoja na usaili uliopangwa. Ni hatua nzuri, lakini bado inampima mtu kwa yale anayoyaeleza. Hakuna mahali anapoulizwa amesomea wapi kuongoza.

Jenerali hawezi kupita hivyo. Sheria ya Goldwater-Nichols ya mwaka 1986 iliweka sharti kwamba ofisa asipandishwe kuwa brigedia jenerali kabla ya kutumikia katika kituo cha pamoja, yaani mahali ambapo anafanya kazi na maofisa wa matawi mengine ya jeshi. Misamaha ipo, lakini kanuni ndiyo hiyo. Akishachaguliwa, anatakiwa ndani ya miaka 2 kuhudhuria kozi iitwayo CAPSTONE katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Ulinzi, Fort McNair, Washington. Na kabla ya yote hayo amekwisha kupita chuo cha ukamanda na unadhimu akiwa meja, na chuo cha vita akiwa luteni kanali au kanali. Kwa upande wa raia, nafasi za vyuo hivyo zipo, programu za kuwaandaa viongozi zipo, tena nzuri, lakini anayekwenda ni yule ambaye bosi wake amemruhusu.

Nitaeleza mishahara hapo chini, kwa sababu najua swali hilo linakuja.

Mchangiaji wa 1

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa uzi uliochambuliwa vizuri, ila umelikimbia jambo lenyewe. Watu hawaachi kazi za juu serikalini kwa sababu ya kukosa kozi. Wanaacha kwa sababu kampuni inayoiuzia wizara makombora itamlipa mara mbili au tatu. Unaposema mshahara unapigiwa kelele bure, tuwekee takwimu tuzione.

Mleta mada

Mkuu, sikusema kelele ni za bure, nimesema zimezidi. Takwimu hizi hapa, nachukua mwaka 2024 ili tuzungumze lugha moja.

Mishahara ya viongozi wote hawa imefungwa kwenye ngazi tano za watendaji wakuu wa serikali, ya I ikiwa ya juu kabisa. Mwaka 2024 ngazi ya I ilikuwa dola 246,400 kwa mwaka, ya II dola 221,900, ya III dola 204,000 na ya IV dola 191,900. Raia mwandamizi wa SES analipwa ndani ya wigo mmoja mpana ulioanzia dola 147,649. Ukomo wake ni ngazi ya III, au ngazi ya II endapo mfumo wa taasisi yake wa kupima utendaji umeidhinishwa. Mageuzi ya mwaka 2004 yalifuta madaraja sita yaliyokuwepo na nyongeza ya jumla ya kila mwaka, ili mtu aongezewe kwa kadiri alivyofanya kazi. Juu ya hapo kuna bonasi ya kati ya asilimia 5 na 20 ya mshahara kwa mtumishi wa kudumu, na tuzo ya rais ambayo kwa daraja la juu ni asilimia 35, lakini haiwezi kutolewa kwa zaidi ya asilimia 1 ya kada.

Jenerali wa nyota nne naye amefungwa na ngazi ya II, kwa hiyo mshahara wake wa msingi mwaka 2024 ulikuwa takriban dola 18,491 kwa mwezi, na luteni jenerali mwenye miaka mingi kazini hugonga dari lile lile. Hapa kuna kichekesho. Bunge limewazuilia wateule wa kisiasa nyongeza tangu mwaka 2014, wakapata moja ndogo tu mwaka 2019, kwa hiyo waziri mwenye ngazi ya I kwenye karatasi alikuwa akipokea zaidi kidogo ya dola 200,000. Jenerali anayempigia saluti alikuwa akimzidi mshahara.

Lakini tatizo la kweli la malipo liko chini ya dari, kwenye kizingiti. Mtumishi wa daraja la 15, ambalo ndilo la mwisho kabla ya kuingia SES, akiwa Washington hulipwa pamoja na nyongeza ya eneo, na aliyefika hatua ya juu ya daraja hilo mwaka 2024 alikuwa anapata dola 191,900. Wana-SES hawana nyongeza ya eneo. Kwa hiyo mtu anaombwa aache kazi anayoijua, achukue dhamana ya mamia ya watumishi, akubali kuhamishwa nje ya mji kwa notisi ya siku 60, akubali kwamba akishindwa anaweza kurudishwa daraja la 15 bila haki kamili ya rufaa, na tofauti ya mshahara wakati mwingine ni ndogo mno. Wapo wanaokataa, na siwalaumu.

Hata hivyo, ukimwongezea huyo dola 30,000 hujampa ujuzi wa kuongoza watu. Umempa sababu ya kuomba tu.

Mchangiaji wa 2

Nimewahi kufanya kazi kwa miaka kadhaa chini ya mtaalamu aliyepandishwa kuwa kiongozi, katika taasisi ambayo si ya kijeshi na ambayo sitaitaja, na ninaunga mkono nusu tu ya hoja. Yule bwana alikuwa bingwa wa hesabu za miundo, lakini kikao cha tathmini ya watumishi kilikuwa kinamtesa kuliko homa. Alikuwa akisoma karatasi aliyoandikiwa, neno kwa neno, bila kuinua macho, kisha anauliza kama kuna swali huku amekwisha kufunga jalada. Alipelekwa kozi mbili za uongozi. Alirudi na vyeti viwili, na jalada likaendelea kufungwa.

Ninachotaka kusema ni kwamba si kila mtu anayestahili mshahara mkubwa anastahili kuongoza. Wamarekani wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana pembeni ya SES wana kada nyingine mbili za juu, moja ya wanasayansi na watafiti na nyingine ya wataalamu waandamizi, ambao kazi yao ya msingi si kusimamia watu. Kabla ya kumlazimisha raia apite chuo cha vita, mwulizeni kwanza anapandishwa kwenda kufanya nini.

Mleta mada

Hoja yako ni nzito na naikubali sehemu kubwa. Kada hizo mbili ni mlango mzuri wa pembeni, na malipo yake yanakaribiana sana na ya SES. Shida ni kwamba katika ofisi nyingi heshima, bajeti na kiti cha mkutanoni vinamfuata anayesimamia watu, kwa hiyo bingwa wa hesabu anaombwa au anajiomba apande ngazi isiyo yake. Laiti mafunzo yangekuja mapema, huyo bwana wako angejijua akiwa daraja la 13 kwamba uongozi haumfai, na watu wasingekuwa wamekwisha kuumia. Mwanajeshi hupimwa hivyo tangu akiwa luteni na kikosi cha watu 30.

Niongeze na sababu ambayo naiona ndiyo kiini. Jeshi huhesabu wanafunzi wake. Katika hesabu za nguvu kazi za matawi ya jeshi kuna fungu la askari walio masomoni, walio safarini na wagonjwa, kwa hiyo kanali akienda chuo cha vita kwa miezi 10 mfumo ulikwisha kumtoa kwenye hesabu za kikosi na mwingine kupangwa nafasi yake. Ofisi ya kiraia haina fungu la namna hiyo. Mkuu wa kitengo cha mikataba akienda Fort McNair miezi 10, kiti chake kinabaki wazi au kinakaimiwa na mtu mwenye kazi zake, na bosi aliyesaini ruhusa ndiye anayeulizwa kwa nini mikataba imechelewa. Kwa hiyo bosi mwenye akili timamu humruhusu yule ambaye hamhitaji sana. Hapo ndipo nafasi za masomo zinapokwenda kwa watu wasio sahihi, na akirudi anakuta meza ile ile, kazi ile ile, na hakuna aliyepanga atumike wapi.

Sheria ya SES inaruhusu hata likizo ya masomo na utafiti ya hadi miezi 11 yenye mshahara kamili, kwa mtumishi wa kudumu aliyekaa miaka ya kutosha. Ni kifungu kizuri sana kukisoma. Wanaokitumia ni wachache mno, kwa sababu hiyo hiyo ya kiti kitupu.

Mchangiaji wa 3

Wakuu, mnazungumzia mafunzo kana kwamba bado tuko mwaka 2015. Tarehe 21 Februari 2025 Rais Trump alimwondoa Jenerali Charles Brown katika uenyekiti wa wakuu wa majeshi, na Admirali Lisa Franchetti akaondolewa katika ukuu wa Jeshi la Majini, wote wakiwa na muda wa kutumikia uliobaki. Aliyechukua nafasi ya Brown, Dan Caine, alikuwa luteni jenerali aliyestaafu, na sheria inataka mwenyekiti awe amewahi kuwa naibu mwenyekiti, mkuu wa tawi la jeshi au kamanda wa kamandi kuu. Rais ana mamlaka ya kusamehe sharti hilo kwa maslahi ya taifa, akalisamehe, na Seneti ikamthibitisha mwezi Aprili. Mwezi Mei waziri akaagiza majenerali wa nyota nne wapunguzwe kwa angalau asilimia 20. Sasa hizo kozi zako zinamlinda nani?

Mleta mada

Hazimlindi mtu, mkuu, wala hazikukusudiwa kumlinda. Majenerali hutumikia kwa ridhaa ya rais, na huko ni kutii raia waliochaguliwa, jambo ambalo nchi ile haitaki kulibadilisha. Tunaweza kubishana kama uamuzi ule ulikuwa wa busara, nami nina maoni yangu, lakini huo ni uzi mwingine.

Ninachokuomba utazame ni kilichotokea upande wa raia Februari ile ile. Huko Charlottesville, Virginia, kulikuwa na chuo cha watendaji wa serikali kuu kilichoanzishwa mwaka 1968 wakati wa Rais Lyndon Johnson, ambako raia waandamizi wa wizara zote, Ulinzi ikiwemo, walikuwa wakikaa pamoja majuma kadhaa kusomea uongozi. Tarehe 10 Februari 2025 ilitoka amri ya rais ya kukifunga, kwa maelezo kwamba kilikuwa kimewanufaisha watendaji kuliko wananchi. Miaka 57 ikafungwa kwa karatasi moja. CAPSTONE haiwezi kufungwa hivyo, kwa kuwa imeandikwa kwenye sheria ya Bunge na inamhusu kila anayechaguliwa kuwa brigedia jenerali. Hiyo ndiyo tofauti ninayoizungumzia tangu mwanzo wa uzi huu: cha mwanajeshi kimeandikwa sheriani, cha raia kiko mikononi mwa anayeshika bajeti mwaka huo.

Mchangiaji wa 1

Nakubali kwamba umenisogeza, ingawa hujanigeuza. Bado swali langu la kampuni liko pale pale. Ukimsomesha mtu kwa gharama ya serikali, chuo cha vita, shahada ya uzamili, kisha miaka 3 baadaye anahamia kwa muuza silaha, umemsomeshea nani?

Mleta mada

Swali la haki. Majibu ya sheria ni mawili na yote hayatoshelezi. La kwanza, mtumishi anayesomeshwa kwa muda mrefu husaini kukaa serikalini angalau mara tatu ya muda wa masomo, kwa hiyo wa miezi 10 anadaiwa kama miaka 2 na nusu, na akiondoka mapema anaweza kudaiwa gharama. La pili, tangu sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2018, jenerali au admirali wa nyota tatu au nne haruhusiwi kuishawishi wizara kwa niaba ya kampuni kwa miaka 2 baada ya kustaafu, na wa nyota moja au mbili kwa mwaka 1, na raia wenye vyeo vinavyolingana wamewekwa kwenye kundi hilo hilo. Ona lakini kilichokatazwa: kushawishi. Kuajiriwa hakukukatazwa.

Kama ningepewa kalamu, ningeanzia kwenye kile kiti kitupu. Ningetaka Bunge liipe wizara fungu la nafasi za raia walio masomoni, kama matawi ya jeshi yalivyo nalo, kisha liweke sharti kwamba asiingie SES kwenye nafasi ya kusimamia watu yeyote ambaye hajawahi kutumikia nje ya ofisi yake aliyokulia. Gharama yake ni mishahara ya watu wachache wa kushikilia viti. Mwenye namna ya kuipata hesabu hiyo, ya viti vingapi vinabaki wazi kila mwaka kwa ajili ya masomo, aiweke hapa tuendelee.